Maji ya Rangi ya Chai

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Vitongoji, Pemba)





Nilipoambiwa nichague mwenyewe jambo la kuzungumza, baadhi ya wenzangu walinishauri niseme juu ya utumishi serikalini, au juu ya faida za elimu ya juu. Mambo hayo ni mazuri, lakini kila mwaka husemwa, tena na watu wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nimechagua maji. Wala si maji yote, bali kitu kimoja tu kilichomo ndani ya maji, ambacho hakina jina la kawaida katika lugha yetu ingawa hapana mtu wa Vitongoji ambaye hajakiona.

Chukueni majani makavu ya mwembe au ya mkarafuu, muyatie ndani ya ndoo ya maji, myaache kwa siku tatu. Maji yatageuka rangi ya chai. Yachujeni kwa kitambaa safi, hata mara kumi. Uchafu utabaki kwenye kitambaa, lakini rangi haitoki. Rangi ile ndiyo habari yangu ya leo. Nitaeleza kwanza ni kitu gani, kisha ardhi yetu inakifanya nini, na mwisho nitaeleza kwa nini kitu hiki kinaweza kuamua kama dawa tunayotia katika maji ya kunywa itatukinga na kipindupindu au haitatukinga.

NI KITU GANI HIKI?

Kila chenye uhai hufa, na kila kilichokufa huliwa. Jani likianguka chini ya mkarafuu, wadudu, kuvu na bakteria hulishughulikia. Sehemu yake hugeuka gesi na kurudi hewani. Sehemu hubaki juu ya ardhi kama mboji nyeusi ambayo wakulima wanaijua na kuithamini. Na sehemu ya tatu huyeyuka katika maji ya mvua na kwenda pamoja nayo, popote yaendapo. Sehemu hiyo ya tatu nitaiita mboji iliyoyeyuka.

Wataalamu wanapotaka kuipima hupitisha maji katika chujio lenye matundu ya mikromita 0.45. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo tundu la chujio lile ni jembamba kuliko unywele kwa kiasi cha mara 150. Chochote kinachopita hapo pamoja na maji huhesabiwa kuwa kimeyeyuka. Karibu nusu ya uzito wa mboji hiyo ni kaboni.

Msidhani kuwa ni kitu kimoja kama chumvi au sukari. Ni mchanganyiko wa maelfu ya vitu: sukari kidogo, asidi za namna nyingi, mabaki ya protini, na tanini, yaani ule ukali unaokaza ulimi mtu anapotafuna ndizi mbichi. Mkemia mashuhuri wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, aliyachunguza maji ya chemchemi ya Porla katika nchi yake mnamo miaka ya 1830, akatoa ndani yake asidi za rangi ya manjano na ya kahawia. Tangu wakati huo karibu miaka 200 imepita, na vyombo vimekuwa vya ajabu, lakini hadi leo hapana mtu aliyeweza kuandika orodha kamili ya vitu vilivyomo ndani ya gilasi moja ya maji ya namna hiyo.

Sisi watu wa pwani tumeishi na kitu hiki na kukitumia kabla ya kukipa jina. Magome ya mikoko yalikuwa bidhaa ya kusafirishwa kutoka pwani hii kwa ajili ya kutengenezea ngozi, na kilichotakiwa ndani yake ni tanini. Kina mama wanaofukia makumbi ufukweni ili wapate nyuzi za kusokotea kamba wanajua kuwa maji ya pale huwa meusi na hutoa harufu kama ya yai bovu. Sababu ni hii: vitu vinavyotoka kwenye makumbi huwa chakula cha bakteria, bakteria wakila huimaliza oksijeni ya ndani ya maji na matope, oksijeni ikiisha huingia bakteria wa namna nyingine, ambao hutumia salfeti ya maji ya bahari, na hao ndio wanaotoa ile gesi ya harufu. Na hapo Wawi, jirani zetu, penye kiwanda cha makonyo, hapana asiyejua kuwa kikonyo cha karafuu kikipata maji ya moto hutoa mafuta na harufu, na pia hutoa rangi.

Kwingineko kitu hiki ni kikubwa kupita tunavyodhani. Katika Kongo liko ziwa linaloitwa Mai-Ndombe, na maana yake kwa Kilingala ni maji meusi. Nadhani hata asiyejua Kilingala atalitambua neno la kwanza. Karibu na mji wa Mbandaka, Mto Ruki huingia katika Mto Kongo, na maji yake ni meusi kama chai iliyochemka mno. Watafiti waliotoa taarifa yao mwaka 2023 walieleza kuwa bonde la Ruki ni sehemu moja tu katika 20 ya bonde zima la Kongo, lakini hutoa kiasi cha sehemu moja katika tano ya kaboni yote iliyoyeyuka inayobebwa na mto ule mkubwa. Na bahari zote za dunia, zikijumlishwa, zimehifadhi kaboni ya namna hii kiasi cha tani bilioni 660, yaani karibu robo tatu ya kaboni yote iliyomo hewani. Nyingine ya vilindini imepimwa ikaonekana ina umri wa miaka 4,000 mpaka 6,000. Kwa hiyo mtoto anayechota maji ya chumvi kwa kifuu pale ufukweni kwetu anachota pia kitu kikongwe kuliko mji wowote wa pwani hii.

ARDHI NI CHUJIO LETU LA KWANZA

Sasa turudi nyumbani. Ikiwa kila mvua inayonyesha juu ya majani yaliyooza huondoka na rangi, na kisiwa chetu hupata mvua nyingi na kina miti mingi, basi kwa nini maji ya visima virefu si meusi?

Jawabu ni udongo. Udongo mwekundu wa vilimani, ule ambao mikarafuu inaupenda, una chembe za udongo wa mfinyanzi zilizofunikwa na kutu ya chuma na aluminiamu. Chembe hizo huinasa mboji iliyoyeyuka kama kitambaa kinavyonasa doa la zambarau. Maji yanapoteremka polepole, mita baada ya mita, hunyang'anywa rangi yake, na yakifika chini huwa meupe. Kilichonaswa hakipotei bure: hushikilia rutuba, hushikilia unyevu, na hulisha mizizi. Ndiyo maana mkulima anayeacha majani yaoze chini ya miti yake anaulisha udongo, na anayeyachoma kila mwaka huulisha upepo.

Lakini Vitongoji si vilima vyekundu peke yake. Ukitoka Chake Chake ukapita Wawi, ukaja hapa na kuendelea mpaka pwani ya mashariki, unaona ardhi ikibadilika. Udongo mzito unapungua, jiwe la matumbawe linajitokeza, na karibu na bahari unakuwa katika uwanda, ambako udongo umekaa mfukoni mwa mawe tu. Pale maji hayachujwi. Huingia katika ufa wa jiwe kama mtu aingiavyo mlangoni, na kwa muda mfupi huwa yameshafika chini, pamoja na kila alichofuatana nacho: rangi ya majani, mbolea ya ng'ombe, na yaliyotoka vyooni.

Hapa pana jambo ambalo naomba wadogo zetu walishike vizuri. Maji ya kisima cha uwandani yanaweza kuwa meupe kabisa na yakawa na vijidudu vya kipindupindu, kwani kijidudu hakina rangi. Na maji ya dimbwi la chini ya mwembe yanaweza kuwa na rangi ya chai na yasiwe na hata kijidudu kimoja cha maradhi. Rangi si shahidi wa kutegemewa, ikiwepo wala isipokuwepo. Kanuni tunayofundishwa ni kwamba choo kiwe mbali na kisima angalau mita 30, tena upande wa chini. Ni kanuni njema, lakini imetungwa kwa ardhi yenye udongo. Kwenye jiwe lenye nyufa mita 30 si ulinzi kamili, na ni lazima pawe na kinga nyingine baada ya hapo.

Na mabondeni, kwenye mpunga, kitu hiki kinafanya kazi nyingine. Udongo wa bonde uliofunikwa na maji hukosa oksijeni, na chuma kilichomo ndani yake huyeyuka. Mboji iliyoyeyuka hukishika chuma hicho na kutembea nacho. Maji hayo yakitokea juu na kukutana na hewa, bakteria wa chuma hutengeneza utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Huonekana kama mafuta, na si ajabu mtu wa Pemba akitazamia mafuta, kwa sababu mafuta ya kweli yanajulikana kutoka ardhini kule Tundaua, na mwaka 2018 ulitiwa saini mkataba wa kuyatafuta katika kitalu cha Pemba na Zanzibar. Njia ya kutofautisha ni rahisi. Chukua kijiti uuguse utando ule. Ukivunjika vipande vipande kama kioo, ni kazi ya bakteria. Ukijikusanya tena ukawa kitu kimoja, ni mafuta.

Wala nisieleweke kuwa nasema rangi hii ni uovu. Pale mikokoni maji ya kahawia yanayotoka na kupwa kwa bahari yamebeba chakula cha viumbe wadogo, na viumbe hao huliwa na wakubwa. Rangi ile huzuia pia sehemu kali ya miale ya jua isiyafikie matumbawe. Mwaka 2006 watafiti waliochunguza mikoko ya kaskazini ya Brazil walikadiria kuwa mikoko ya dunia, ambayo haifiki hata sehemu moja katika elfu ya nchi kavu, ndiyo chanzo cha zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mboji iliyoyeyuka inayotoka nchi kavu na kuingia baharini. Anayekata mikoko anakata boriti na pia anafunga mfereji wa chakula. Kwa hiyo kitu hiki kina mahali pake. Mahali pasipo pake ni ndani ya mtungi tunaotaka kuutia dawa.

KLORINI NA MAJI YA MAJANI

Zanzibar na kipindupindu wanajuana kwa muda mrefu. Daktari James Christie, aliyekuwapo Unguja wakati wa maradhi makubwa ya 1869 na 1870, aliandika juu yake kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1876. Katika zama zetu kipindupindu kilirudi mwaka 1978, kikaua watu 51 katika kijiji cha wavuvi, na tangu hapo kimekuja mara nyingi, Unguja na Pemba. Mwaka 2009 ilitolewa chanjo ya kunywa katika shehia zilizokuwa katika hatari zaidi. Mwaka 2015 na 2016 maradhi yalienea tena kwa nguvu. Serikali ikaweka mpango wa miaka kumi wa kuyatokomeza, kuanzia 2018 mpaka 2027. Ndani ya mipango yote hiyo, klorini ni askari wa mstari wa mbele. Ni rahisi, huua vijidudu vingi, na huendelea kuyalinda maji hata baada ya kufika nyumbani.

Lakini askari huyu ana tabia moja. Hachagui adui. Klorini ikitiwa katika maji hupambana na kila inachokikuta, na mboji iliyoyeyuka huwa imetangulia mbele, tena ni nyingi kuliko bakteria. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme ndoo ya lita 20 imetiwa dawa ya kutosha miligramu 2 kwa kila lita, ambacho ndicho kiasi cha kawaida kwa maji meupe ya nyumbani. Ikiwa maji yana mboji kidogo inayokula nusu miligramu, hubaki moja na nusu ya kuwashughulikia vijidudu. Ikiwa maji ni ya rangi ya chai na mboji inakula miligramu 2 au 3, hakibaki kitu. Mtu ametia dawa, amehesabu matone, amefuata maandishi ya chupani, na maji yake hayana kinga. Hatari kubwa iko hapo, kwa sababu asiyetia dawa hujua kuwa hakutia, lakini huyu anakunywa kwa amani.

Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani halituambii tu kiasi cha kutia. Linatuambia kiasi cha kubaki. Baada ya nusu saa, klorini iliyo huru, yaani ambayo haijashikana na kitu kingine, iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita, na pale mtu anapochotea isipungue 0.2. Kwa maji machafu au yenye rangi, kipimo cha nyumbani huongezwa maradufu. Lakini hata maradufu ni kukisia, mpaka mtu apime. Kifaa cha kupimia si kikubwa: ni kichupa na kidonge cha dawa iitwayo DPD. Klorini huru ikiwepo maji hugeuka rangi ya waridi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Kama hayakugeuka, hapana kinga.

Liko na jambo la harufu. Watu wengi huyakataa maji yaliyotiwa dawa kwa kusema yananuka hospitali, na hudhani harufu kali ni alama ya klorini kupita kiasi. Mara nyingi ni kinyume chake. Ndani ya mboji ya majani mna vitu vya jamii ya finoli, na klorini ikishikana navyo hutoa harufu na ladha mbaya hata vikiwa kidogo sana. Ikishikana na amonia, kwa mfano ile itokayo vyooni, hutoa harufu vilevile. Kwa hiyo maji yanaweza kunuka dawa ilhali klorini huru imekwisha. Pua, kama jicho, si shahidi wa kutosha.

Sasa nifike kwenye jambo linalotisha watu, na nataka niliseme kwa uwazi ili lisije likasemwa kwa uvumi. Mwaka 1974 mkemia wa idara ya maji ya Rotterdam, Johannes Rook, alionyesha kuwa klorini ikikutana na mboji iliyoyeyuka hutengeneza klorofomu na ndugu zake. Baadhi ya vitu hivyo, mtu akivinywa kwa wingi na kwa miaka mingi, hushukiwa kuleta madhara, saratani ikiwemo. Nchi nyingi zimeweka kikomo. Kile cha Shirika la Afya Duniani kwa klorofomu ni miligramu 0.3 kwa lita. Je, basi tuache klorini? Hasha. Shirika hilohilo limesema wazi kuwa kazi ya kuua vijidudu isilegezwe kwa kuogopa vitu hivyo. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima mwenye afya kwa saa chache; madhara yale mengine yanahesabiwa kwa umri mzima. Mwenye akili hakimbii mvua akajitupa kisimani. Njia iliyo sawa ni kuiondoa mboji kwanza, kisha kutia klorini. Ukifanya hivyo unapata yote mawili: dawa inatosha, na vile vitu visivyotakiwa havipati malighafi ya kutengenezeka.

Mboji inaondolewaje? Iko njia ya shabu. Shabu ikikorogwa katika maji hutengeneza vidonge laini vinavyokusanya uchafu pamoja na sehemu kubwa ya rangi, kisha vikazama. Mitambo mingi ya maji duniani hufanya kazi hivyo. Wengine hutumia mbegu za mlonge zilizotwangwa. Mbegu hizo husafisha maji yenye tope vizuri sana, ila zina upungufu mmoja unaotuhusu leo: utomvu unaobaki ni mboji mpya iliyoyeyuka, nayo huwa chakula cha bakteria. Maji ya mlonge yasilazwe siku nyingi, na baada ya mlonge ni lazima yachemshwe au yatiwe klorini. Wengine huanika maji juani ndani ya chupa nyeupe kwa saa sita. Njia hiyo ni nzuri kwa maji meupe, lakini ile rangi inayoyakinga matumbawe na jua huwakinga na vijidudu vilevile. Kuchemsha hakuna shida hiyo, kwa sababu moto hauliwi na mboji. Mwenye kuni na achemshe. Lakini tukumbuke kuni zinatoka wapi. Kila kichaka kinachokatwa uwandani kinaacha jiwe tupu, na jiwe tupu ni chujio lililotoboka.

YATUPASAYO

Ndugu Mwenyekiti, sikuja hapa kusoma kemia na kuondoka. Naomba nitoe mapendekezo machache, yote yaliyo katika uwezo wetu.

Kwanza, kila birika na kila tangi linalokusanya maji ya paa lisafishwe mifereji yake kabla ya masika na kabla ya vuli. Mvua ya mwanzo imwagwe, isiingie ndani, kwani ndiyo inayoosha majani na vinyesi vya ndege. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji ngazi, ufagio na siku moja ya Jumamosi.

Pili, visima vya wazi vijengewe ukingo na vifunikwe, na majani yasiachwe kuozea karibu navyo. Shimo la mboji ni jambo jema kwa shamba, lakini liwe mbali na kisima na upande wa chini. Katika uwanda tuwe na tahadhari zaidi, kwa sababu nimekwisha kueleza jiwe lile lilivyo.

Tatu, popote panapotiwa klorini, iwe nyumbani, skulini au kwenye msikiti, pawe na mtu anayepima kilichobaki baada ya nusu saa, na anayeandika katika daftari. Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ina mafundi wake na kazi yake. Lakini ndoo iliyoko uani kwako haina fundi ila wewe. Sisi wanafunzi wa zamani, ambao kila mwaka tunachangia zawadi za washindi, nashauri mwaka huu tuchangie pia vidonge vya kupimia vya kutosha skuli kwa mwaka mzima.

Nne, na hili ni la wanafunzi. Fanyeni jaribio hili chini ya uangalizi wa mwalimu wa sayansi. Chukueni vyombo vitatu vinavyolingana. Cha kwanza kiwe na maji ya mfereji, cha pili maji yaliyolowekwa majani siku tatu na kuchujwa, cha tatu maji hayohayo ya majani yaliyokwisha kusafishwa kwa shabu. Vitieni vyote kiasi kimoja cha klorini. Ngojeni dakika 30, kisha pimeni. Andikeni mnachokiona, wala msiandike mnachodhani mwalimu anataka. Rudieni jaribio kwa majani ya mkarafuu, ya mwembe, ya mkoko, na kwa maji ya visima vya mitaani kwenu. Mkifanya hivyo kwa mwaka mmoja, mtakuwa na daftari la maji ya Vitongoji lenye thamani kwa kila afisa wa afya na wa maji. Jambo hilo halisubiri chuo kikuu.

Sisi tuliokaa hapa katika miaka ya 1990 tulijifunza sayansi zaidi kwa chaki kuliko kwa vyombo. Leo, jirani tu hapo Wawi, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambamo vijana wa kisiwa hiki wanafanya utafiti unaosomwa duniani. Sioni kwa nini katika wale watakaoingia humo kesho pasiwe na mtu wa Vitongoji aliyeanza kwa ndoo, majani makavu na kidonge cha kupimia.

Neno langu la mwisho ni hili. Wazee walituambia tusikae karibu na maji tukafa kwa kiu. Kwa siku zetu hizi naongeza: tusikae na dawa tukafa kwa maradhi yenye dawa. Kati ya dawa na maradhi liko jani lililooza, nalo huondolewa kwa ufagio na shabu, na hukaguliwa kwa kidonge. Tuitunze ardhi, kwani ndiyo chujio la kwanza. Tuondoe majani kabla ya klorini. Na tusiridhike kuwa tumetia mpaka tuwe tumepima.